Nick Drake, Mwimbaji wa Tanworth-in-Arden

Jina la Nick Drake huenda si geni kwa wale wapendao gitaa. Huyu alikuwa Mwingereza, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo, aliyefariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26. Leo nyimbo zake zasikilizwa duniani kote, lakini hadi siku ya kufa kwake hakuna hata santuri yake moja iliyokuwa imeuzwa nakala 5,000. Habari zake aghalabu husimuliwa kama ngano: kijana mzuri wa sura, mpole, mwenye huzuni, aliyetoweka mapema. Sisi twapenda zaidi kumtazama kama mtoto wa nyumba fulani, aliyelelewa na wazazi waliompenda, na waliohangaika naye mpaka mwisho.

Nicholas Rodney Drake alizaliwa tarehe 19 Juni, 1948, mjini Rangoon, katika nchi ya Burma, miezi mitano baada ya nchi hiyo kupata uhuru wake kutoka kwa Waingereza. Baba yake, Bwana Rodney Drake, alikuwa mhandisi katika Bombay Burmah Trading Corporation, kampuni kubwa iliyokuwa ikivuna mbao za mtiki. Mama yake aliitwa Mary Lloyd, lakini watu wote walimwita Molly. Walioana mwaka 1937. Wajapani walipoivamia Burma mwaka 1942, Bibi Molly na dada yake Nancy walikimbilia India, na huko Delhi dada hao wawili waliimba pamoja katika redio ya nchi hiyo. Mtoto wa kwanza, Gabrielle, alizaliwa Lahore mwaka 1944; baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza na televisheni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jamaa hii ilirudi Uingereza, pamoja na yaya wao wa kabila la Karen, wakakaa katika kijiji cha Tanworth-in-Arden, Warwickshire, katika nyumba iliyoitwa Far Leys. Bwana Rodney alipata kazi kubwa katika kampuni ya uhandisi ya Wolseley huko Birmingham. Maisha yao yalikuwa ya watu wenye nafasi: nyumba kubwa, bustani, na kinanda sebuleni.

Kinanda hicho chahitaji kuelezwa. Bibi Molly alikuwa mtunzi wa nyimbo. Hakuwahi kuziuza wala kuziimba jukwaani. Aliziimba jioni nyumbani, mbele ya mumewe na watoto, na wageni wachache. Bwana Rodney, kwa kuwa alikuwa fundi na alipenda mitambo, alinunua mashine ya kunasa sauti kwa utepe, akazinasa nyimbo za mkewe hapo hapo sebuleni katika miaka ya 1950. Ni nyimbo fupi, za sauti ya chini, zinazotazama furaha kama kitu ambacho kitapita. Mtu akizisikiliza baada ya zile za mwanawe atautambua ukoo mara moja. Watoto wote wawili walifundishwa kinanda na mama yao, na Nick alianza kutunga vijiwimbo vyake kabla hajaijua shule vizuri.

Mwaka 1957 alipelekwa shule ya bweni ya Eagle House, Berkshire, naye akiwa bado hajatimiza miaka tisa. Mwaka 1962 alijiunga na Marlborough College, Wiltshire, ambako baba yake na babu yake walisoma. Alikuwa mkimbiaji hodari wa mbio fupi, alipiga kinanda katika okestra ya shule, akajifunza klarineti na saksafoni, akaunda na wenzake bendi ndogo. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa kujificha pembeni, kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo baba yake alikumbuka baadaye ripoti moja ya shule ambamo mwalimu mkuu, baada ya kumsifu, aliongeza kwamba hakuna miongoni mwa walimu aliyeonekana kumfahamu hasa. Sisi tulioandika ripoti kwa miaka mingi twajua uzito wa maneno ya namna hiyo. Mtoto mtundu humjua kila mwalimu. Mtoto mvivu vile vile. Lakini mtoto mwenye adabu, asiye na kosa, hupita mbele ya macho yetu miaka minne bila kumwona.

Mwaka 1965 alinunua gitaa lake la kwanza kwa paundi 13. Kuanzia hapo masomo yalishuka. Alikuwa akikesha nalo, akijaribu kukaza na kulegeza nyuzi kwa namna zisizo za kawaida. Wapigaji wengi hutumia mpango mmoja wa nyuzi kwa nyimbo zote. Yeye alibuni mipango mingi, kila wimbo na mpango wake, ili vidole viweze kupata sauti ambazo gitaa la kawaida halizitoi. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa ajabu: kila uzi uligongwa kwa nguvu iliyo sawa, safi, bila kuteleza, hata mtu akadhani magitaa mawili yanapigwa pamoja. Kazi hiyo haipatikani kwa kipaji peke yake. Ni saa nyingi za kurudia jambo lile lile chumbani.

Alipomaliza shule alikwenda Ufaransa, mapema mwaka 1967, kusoma kwa miezi michache mjini Aix-en-Provence. Kusoma hakukuwa kwingi. Alipiga gitaa mitaani kwa ajili ya kupata fedha kidogo, akasafiri na rafiki zake hadi Morocco, na akaanza kuvuta bangi. Oktoba mwaka ule aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Fitzwilliam College, kusoma fasihi ya Kiingereza.

Huko Cambridge alikutana na mwanafunzi wa muziki aitwaye Robert Kirby, ambaye alimwandikia sehemu za fidla na filimbi za kwenda pamoja na gitaa lake. Na katika tamasha moja mjini London, Ashley Hutchings, mpiga besi wa kundi la Fairport Convention, alimsikia, akalipeleka jina lake kwa Mmarekani kijana, Joe Boyd, aliyekuwa mtayarishaji wa santuri. Boyd alisikiliza utepe wake, akampa mkataba mara moja. Nick alikuwa bado hajafikisha miaka ishirini.

Santuri ya kwanza, Five Leaves Left, ilinaswa katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, jengo ambalo zamani lilikuwa la kuuzia maziwa. Fundi wa mitambo alikuwa John Wood, ambaye atatajwa tena. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kijana huyu mnyamavu alikuwa na msimamo. Boyd alimleta mpangaji wa muziki mwenye sifa, na kazi yake ikasikilizwa. Nick akaikataa kwa sauti ya upole, akasema anaye rafiki yake chuoni atakayeifanya vizuri zaidi. Kirby alikuwa hajawahi kufanya kazi studio hata siku moja. Akaitwa, akaja na kurasa zake, na wote waliokuwapo wakaona kwamba Nick alisema kweli. Wimbo mmoja tu, River Man, ulimshinda Kirby, kwa kuwa una mapigo matano badala ya manne. Kazi hiyo ikafanywa na mwanamuziki mkubwa zaidi kwa umri, Harry Robinson. Jina la santuri latokana na onyo lililokuwa likiandikwa katika pakiti za karatasi za kusokotea sigara: kwamba zimebaki karatasi tano. Watu wamelichukulia jina hilo kama utabiri, kwa kuwa alikufa miaka mitano baadaye. Sisi hatuoni utabiri wowote. Kijana alikuwa mvutaji, akaona maneno kwenye pakiti, yakampendeza.

Santuri ilitoka mwaka 1969. Dada yake Gabrielle, aliyekuwa akikaa London wakati huo, ameeleza kwamba hakujua hata kidogo kuwa kazi hiyo inaendelea, hadi siku moja ndugu yake alipoingia chumbani kwake, akaitupa kitandani kwa maneno machache, akaondoka.

Mwaka huo huo aliamua kuacha Cambridge, ikiwa imebaki miezi tisa tu apate digrii. Baba yake alimwandikia barua ndefu, ya upole na busara, akimweleza kwamba digrii ingekuwa kama wavu wa kumdaka endapo muziki ungemwangusha. Nick akajibu kwamba wavu wa kumdaka ndicho kitu kimoja asichokitaka. Twakiri kwamba mioyo yetu iko upande wa Bwana Rodney. Nasi tungeandika barua ile ile, neno kwa neno. Lakini yatupasa kusema pia kwamba baba huyu, baada ya kushindwa hoja, hakumfungia mwanawe mlango. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa.

Kilichofuata ni habari ya masikitiko. Siku zile santuri iliuzwa kwa mwimbaji kupanda jukwaani, na Nick jukwaa lilimshinda. Tarehe 24 Septemba, 1969, alipiga katika Royal Festival Hall, London, kabla ya Fairport Convention, na watu wakamsikiliza kwa utulivu. Baada ya hapo alipelekwa kwenye vilabu na vyuo, mahali pa bia na kelele. Kumbuka kwamba kila wimbo wake ulikuwa na mpango wake wa nyuzi. Kwa hiyo baada ya kila wimbo aliinamisha kichwa, akakaza nyuzi na kuzilegeza, dakika nzima au zaidi, bila kusema neno na hadhira. Na hadhira ikaanza kuzungumza. Na alipokuwa tayari kuimba, hakuna aliyemsikia. Mwimbaji mwingine angetoa mzaha mdogo hapo katikati. Yeye hakuweza. Katikati ya mwaka 1970, katika chuo kimoja cha ufundi huko Ewell, Surrey, aliinuka katikati ya wimbo, akaondoka, na hakurudi.

Santuri ya pili, Bryter Layter, ilitoka mwaka 1971, yenye ngoma na besi na shangwe kidogo, kwa matumaini kwamba ingenunuliwa. Haikununuliwa. Alihojiwa na gazeti mara moja tu maishani mwake, mwaka huo, na mwandishi alipata kazi ngumu kumtoa maneno. Joe Boyd naye aliuza kampuni yake kwa Island Records, akarudi Marekani. Boyd ameeleza kwamba katika mapatano ya kuuza aliweka sharti moja: santuri za Nick Drake zisiondolewe kamwe katika orodha ya mauzo, hata kama haziuzwi. Ni sharti dogo, la karatasini, lakini bila hilo huenda leo tusingekuwa na la kusimulia.

Oktoba 1971 Nick alimpigia simu John Wood, akasema anataka kunasa nyimbo. Walikutana studio usiku, baada ya wanamuziki wengine kwenda nyumbani, kwa siku mbili. Hapakuwa na mtu mwingine. Wood akamuuliza nani wapigaji. Akajibu hapana mpigaji. Aliimba na gitaa lake tu, akaongeza kinanda kidogo katika wimbo mmoja, na kazi ikaisha. Pink Moon ilitoka Februari 1972, na urefu wake wote haufiki nusu saa. Twaiona kuwa ndiyo kazi yake iliyo bora, japo kuna wanaopenda zaidi fidla za Kirby. Iliuzwa kidogo kuliko zile mbili za kwanza.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuugua. Madaktari waliuita ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi kwa Kiswahili twauita sonona. Alirudi kwa wazazi wake Tanworth, na mwaka 1972 alilazwa hospitalini majuma matano. Island walikuwa wakimlipa paundi 20 kwa juma. Wazazi waliishi na ugonjwa huo kila siku. Bwana Rodney aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu, siku baada ya siku, kama mwanawe amekula, amezungumza, ametoka, ameshika gitaa. Kijana aliondoka usiku na gari bila kuaga, akaendesha tu, pasipo safari, mpaka petroli ikamwishia barabarani. Kisha akapiga simu nyumbani, na baba, mtu wa miaka zaidi ya sitini, akatoka kwenda kumchukua. Jambo hili lilitokea si mara moja. Alikuwa akitokea pia kwenye milango ya rafiki zake, akakaa kimya siku mbili au tatu, akatoweka. Nywele na kucha hazikukatwa. Alijaribu kazi ya kompyuta, akaiacha baada ya siku chache. Alimwambia mama yake kwamba ameshindwa katika kila jambo alilojaribu kulifanya, na Bibi Molly, aliyekuwa mtunzi yeye mwenyewe, hakuweza kumshawishi aone vinginevyo.

Mwaka 1974 Boyd alipokuja Uingereza, Nick alimwendea, na kwa mara ya kwanza alionyesha hasira. Aliuliza, ikiwa ni kweli yeye ni bora kama wote walivyomwambia, mbona hana fedha wala hakuna amjuaye? Boyd hakuwa na jibu. Wakaingia studio pamoja na Wood, lakini sasa Nick hakuweza kupiga na kuimba kwa wakati mmoja, yeye aliyekuwa akifanya yote mawili kama kupumua. Ikabidi gitaa linaswe kwanza, sauti baadaye. Nyimbo chache zilipatikana kwa njia hiyo.

Majira ya kupukutika majani ya mwaka ule alionekana kupata nafuu. Alikwenda Paris, akarudi mchangamfu kidogo, akaanza kuzungumzia kujifunza Kifaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba, 1974, alilala mapema. Adhuhuri ya siku ya pili mama yake aliingia chumbani kumwamsha, akamkuta amekufa. Alikuwa amemeza dawa zake za ugonjwa kupita kipimo. Ofisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba amejiua. Wazazi hawakuwa na hakika na neno hilo, wala Boyd. Waliona yawezekana alitafuta usingizi tu, au nafuu ya haraka. Gabrielle kwa upande wake amesema ni afadhali kwake kuamini kwamba ndugu yake alitaka kumaliza mateso, kuliko kwamba maisha hayo yalikatika kwa bahati mbaya. Jamaa moja iliyopendana, na hawakuona jambo sawasawa. Hatuthubutu kuamua kati yao.

Wasomaji wetu wa rika letu watakumbuka kwamba Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chaanza ibada ya maziko kwa kusema kwamba isisomwe juu ya mtu aliyejitoa uhai. Sheria ya Uingereza nayo ilihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai hadi mwaka 1961. Wengi wetu tumeona, katika mitaa yetu wenyewe, jeneza likipitishwa mbali na mlango wa kanisa, na mama wa marehemu akirudi nyumbani peke yake. Tanworth haikuwa hivyo. Tarehe 2 Desemba, 1974, ibada ya Nick Drake ilifanyika ndani ya kanisa la kijiji, Mtakatifu Maria Magdalena, mbele ya watu wapata hamsini. Rafiki zake wa shule, wa Cambridge na wa London walikutana siku hiyo kwa mara ya kwanza, wakashangaa, kwa kuwa alikuwa amewatenga kila kundi peke yake, na hakuna aliyejua kwamba wengine wapo. Mwili ulichomwa, na majivu yake yakazikwa katika uwanja wa kanisa, chini ya mwaloni.

Halafu wageni wakaanza kuja. Mwanzoni mmoja mmoja, vijana waliozikuta santuri zile madukani, wakiuliza njia ya kwenda Far Leys. Bwana na Bibi Drake waliwafungulia. Waliwapa chai, wakawaonyesha chumba chake, wakawapigia tepu alizonasa nyumbani, na wengine wakaruhusiwa kujinakilia. Mwaka 1979 santuri zote tatu zilitolewa tena pamoja na nyimbo za mwisho, katika sanduku moja liitwalo Fruit Tree, na idadi ya wageni ikaongezeka. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Volkswagen ilitumia wimbo wa Pink Moon katika tangazo la televisheni huko Marekani, nyota usiku na vijana wanne garini, na kwa muda mfupi santuri zake ziliuzwa kuliko zilivyouzwa katika miaka yote ishirini na mitano iliyopita. Kwamba gari lilifanya kile ambacho jukwaa halikuweza, hilo latuchekesha kidogo, tena latuudhi.

Bwana Rodney alifariki mwaka 1988 na Bibi Molly mwaka 1993, kabla ya tangazo hilo. Zile tepu za miaka ya 1950 zilibaki na Gabrielle. John Wood, fundi yule yule wa Chelsea, alizisafisha, na mwaka 2013 nyimbo za Molly Drake zikatolewa kwa watu wote, miaka ishirini baada ya kufa kwake. Mwaka 2014 Gabrielle alitoa kitabu kikubwa juu ya ndugu yake, chenye barua na kumbukumbu za baba. Kaburi li pale pale chini ya mwaloni, jiwe dogo, na majina yaliyochongwa juu yake ni matatu: la Nick, la baba yake na la mama yake.